Kililana Isijengewe Maboksi ya Vioo

Muulize mtu yeyote anayehusika na ujenzi wa serikali upande wa bara wa Lamu kwa nini ofisi mpya hutiwa vioo mbele, mabati juu na viyoyozi ukutani, naye atakujibu bila kusita kwamba jengo la umma sharti liwe la kisasa. Ukimtajia mawe ya kisiwa cha Manda, chokaa, ua wa ndani na paa la makuti, atatabasamu kwa upole na kukwambia hayo ni mambo ya mji wa kale, ya makumbusho na ya watalii. Bandari, mahakama, kituo cha afya, makao ya polisi, hivyo ni vitu vizito, havijengwi kwa ufundi wa mababu. Rai hii imeenea hata haitetewi tena. Watu huipokea tu, kisha hupitisha ramani. Mimi naipinga, kwa sababu ni ghali, ni ya kivivu, na kwa mahali kama Kililana italeta hasara ambayo wajukuu wetu watailipia bili kila mwezi.

Nimeitaja Kililana kwa makusudi. Mji wa Lamu una ulinzi wake: tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na anayetaka kubomoa ukuta wa kale huko atakutana na watu wa kumzuia. Kililana haina ulinzi huo. Ni ardhi ya bara, ya mashamba na vichaka, iliyolala karibu na Magogoni ambako bandari mpya imechimbwa. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikuja kuzindua mradi wa LAPSSET, ushoroba wa kuiunganisha bandari hiyo na Ethiopia na Sudan Kusini. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua gati ya kwanza. Mpango kamili ni wa gati 32, na zilizojengwa mwanzo ni tatu. Wakulima wa Kililana walihangaikia fidia ya mashamba yao kwa miaka. Sasa juu ya ardhi hiyo kunainuka ofisi, nyumba za wafanyakazi, vituo vya usalama, na huko mbele shule, zahanati na mahakama. Yaani mji mzima unaanza kwenye udongo mtupu. Nafasi ya namna hiyo haiji mara mbili.

Tulitazame hilo boksi la vioo lenyewe kwa karibu, maana anayelisifu mara nyingi hajalikalia.

Dirisha lake ni la alumini la kusukuma pembeni, vioo viwili kwenye reli moja. Ukilifungua mpaka mwisho, kioo kimoja hukaa juu ya mwenzake, kwa hiyo tundu la upepo halizidi nusu ya dirisha. Nusu nyingine umeilipia ili ikuletee jua. Vyumba vimepangwa kushoto na kulia, katikati pana ujia mrefu wenye giza unaowashiwa taa saa nne asubuhi. Upepo unaoingia chumba cha mashariki hauna pa kutokea, kwa hiyo hauingii. Juu kuna bati, chini ya bati kuna dari ya bodi, na baina yake hewa ya moto imefungiwa haina tundu la kupumulia. Ifikapo saa nane mchana, dari hiyo humwagia joto vichwa vya waliokaa chini yake. Nje, pembeni ya kila dirisha, kimebandikwa kiyoyozi kinachodondosha maji ukutani na kuacha mchirizi wa kijani. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haina huruma na mashine hizi: mapezi yake huliwa, bomba hutoboka, gesi huisha, fundi huitwa kutoka mbali.

Kisha umeme unakatika. Lamu iko mwishoni kabisa mwa njia ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen. Lolote likitokea njiani, sisi wa mwisho tunalipata. Jenereta, kama ipo na kama ina mafuta, huhudumia chumba cha mkubwa na kompyuta chache. Karani wa mafaili hutoa meza yake akaiweka chini ya mkungu uani, na wananchi humfuata huko huko na vitambulisho vyao mkononi. Yaani jengo la mamilioni limeshindwa kazi na mti.

Watetezi wa boksi hunijibu kwamba tatizo hapo ni umeme wala si jengo. Umeme ukitengemaa, mambo yatatengemaa. Naomba tuhesabu. Feni ya dari, hili pangaboi la kawaida, hula kama wati 50 hadi 75. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula kama wati 1,000 kinapofanya kazi kwa nguvu. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unazungusha feni zaidi ya kumi. Na upepo unaopita mwilini kwa mwendo wa kadiri humfanya mtu ahisi ubaridi wa nyuzi 2 hadi 3 zaidi, bila hewa yenyewe kupoa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa ripoti mwaka 2018 likisema viyoyozi na feni vinachukua karibu asilimia 20 ya umeme wote unaotumika katika majengo duniani, na kwamba viyoyozi bilioni 1.6 vya wakati ule huenda vikafika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji mtambo mahali fulani.

Na sisi watu wa Lamu tunajua mtambo unapotaka kukaa. Ulitaka kukaa Kwasasi, hapo hapo jirani: mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Watu walipinga, walikwenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo ule ikafutwa. Tulishangilia. Lakini hatuwezi kushangilia kukataliwa kwa makaa ya mawe huku tukipitisha ramani za majengo yasiyokalika bila mtambo. Najua umeme mwingi wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, na sitamdanganya msomaji kwamba kila kiyoyozi cha ofisi za Mokowe, huku bara, kinafukiza moshi. Hoja yangu ni nyepesi zaidi: umeme huo unauzwa, unakatika, na kaunti maskini inaununua ili kuondoa joto ambalo jengo lenyewe limelitengeneza.

Sasa tuje kwa hao mababu tunaoambiwa wamepitwa na wakati.

Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri liko utosini karibu mwaka mzima. La asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga kuta, moja kutoka mashariki, jingine kutoka magharibi. Upepo nao una ratiba: kaskazi kuanzia karibu Disemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili mpaka karibu Oktoba. Mtu akijenga nyumba ndefu inayotazama kaskazini na kusini, yenye chumba kimoja tu kwa upana wake na upenu mrefu wa kutosha, jua halimgusi na pepo zote mbili zinampitia. Hakuna mashine hapo wala gharama ya ziada. Kinachotakiwa ni kugeuza ramani kabla ya kuchimba msingi. Lakini ramani zetu za serikali mara nyingi huja zimekamilika kutoka Nairobi, mji ulio juu zaidi ya mita 1,700, ambako usiku mtu hujifunika blanketi. Huletwa usawa wa bahari, zikalazwa kwenye kiwanja kwa kufuata barabara. Barabara ikielekea kaskazini, uso wa vioo unatazama magharibi, na kuanzia hapo mwenye kuokoa ni kiyoyozi tu.

Paa ndilo somo kubwa, nami nitalikalia kidogo. Nyumba nyingi za mawe Lamu zina paa bapa la boriti za mikoko, juu yake mawe, juu yake chokaa iliyopigwa ikashikana. Kwa kulitazama tu utadhani paa hilo litachemka mchana kutwa. Lakini juu yake, kwa nguzo nyembamba, mara nyingi huinuliwa paa la pili la makuti, lililo wazi pande zote. Makuti hubeba jua. Upepo hupita kati ya makuti na sakafu ya juu ukaliondoa joto kabla halijashuka, na paa la chini hukaa kivulini siku nzima. Wenyeji hupanda huko jioni kupunga upepo, wala hawafikirii kwamba wamekaa ndani ya mtambo wa kupozea nyumba.

Mwaka 2001, katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, Diébédo Francis Kéré alimaliza kujenga shule ya msingi ya matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo. Dari yake ni ya udongo, na juu ya dari, kwa fremu ya nondo, ameinua paa la bati lililoachana nayo ili upepo upite kati. Dunia ilistaajabu, mwaka 2004 shule ile ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na mwaka 2022 Kéré akapewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Kanuni ya paa lile ndiyo ya paa la Lamu. Tofauti ni kwamba makuti huliwa na mvua na mchwa, hushika moto, na hudumu miaka michache tu, ilhali bati likiinuliwa vizuri hudumu miaka mingi, hukinga mvua ya kujaza birika, na hubeba paneli za sola. Huo ndio muungano ninaoutaka: werevu wa paa la makuti, mwili wa bati. Fundi wa mji wa Hindi, huku huku bara ya Lamu, anaweza kulijenga paa hilo kesho, maana anazo nguzo, anayo mabati, na kuchomelea anajua. Kinachokosekana ni mchoro wa kumwambia aliinue.

Hapa hujitokeza mpinzani mwenye elimu, na huyu namheshimu zaidi. Husema kuta nene za mawe ni dawa ya jangwani, ambako usiku una baridi ya kuzipoza. Pwani yenye unyevunyevu, usiku na mchana haviachani sana, kwa hiyo ukuta hukusanya joto la mchana ukalitoa usiku watu wamelala. Ni kweli. Ndiyo maana watu walipanda juu kulala msimu wa joto. Lakini huyu bwana amesahau kitu kimoja kidogo: ofisini hakulalwi. Ukuta wa nusu mita wa mawe ya matumbawe hulichukua joto la asubuhi ukachelewa nalo saa nyingi. Linapofika upande wa ndani, karani ameshafunga kabati na yuko kwenye boti ya kurudi Lamu. Kasoro ya ukuta huo kwa nyumba ya kulala ni faida kwa jengo linalotumika saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Wodi ya hospitali ni habari nyingine. Mgonjwa analala humo usiku, kwa hiyo wodi ifuate mfano wa nyumba ya makuti ya mashambani, kuta nyepesi, matundu makubwa yenye wavu wa mbu, paa refu. Wazee wetu walikuwa na mila mbili za ujenzi, ya mawe na ya miti na makuti, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Anayezichanganya zote kwa jina moja la "asili" hajazitazama.

Kwa sababu hiyo hiyo sitaki kuona minara ya kunasa upepo ya Ghuba na Iran ikiletwa Kililana. Ni mizuri kule Dubai na Yazd, na Masdar huko Abu Dhabi wamejenga mmoja wa chuma wenye urefu wa mita 45. Lakini hewa ya mahali kama Yazd ni kavu, ukiipitisha kwenye maji hupoa. Yetu imeshashiba maji. Kwetu mnara huo ungekuwa pambo tu, na mapambo tunayo ya kutosha.

Na hili la mapambo lazima nilisemee, hata kama litawaudhi rafiki zangu. Wako wanaodhani wamekuja upande wangu kwa sababu wanadai majengo ya serikali yawe na "sura ya Kiswahili". Wanalichukua boksi lile lile, wanalibandika matao ya saruji mbele, wanachonga zidaka za lipu zisizobeba kitu, wanaweka mlango wa nakshi unaofungukia ujia usio na dirisha. Kisha wanafunga viyoyozi nyuma, mahali picha haifiki. Huu ni ugonjwa wa zamani. John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na mbunifu Zanzibar, aliwajengea Wazanzibari kuba na matao ya kudhaniwa ya Kiarabu, kama jumba la makumbusho la Beit el Amani lililofunguliwa mwaka 1925. Hata yeye, kwa majengo mengine, alikumbuka baraza na kuta nene. Warithi wake wa leo wamebakisha tao peke yake. Zidaka za Lamu zilikuwa na kazi, zilipunguza uzito wa ukuta na zilihifadhi vyombo. Ukinipa jengo la Kililana lisilo na tao hata moja lakini upepo unapita, nitalipokea kwa mikono miwili.

Siegemei hoja ya utamaduni peke yake, ingawa ina nguvu kisheria: mwaka 2018, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, Mahakama Kuu iliona kwamba mradi wa bandari uligusa haki za watu wa Lamu, zikiwemo za utamaduni wao. Nikiiegemea sana nitajibiwa kwamba utamaduni hukaa makumbushoni, na tutarudi tulikoanza.

Kuna hoja ya usalama, na Lamu haiwezi kuicheka. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kila anayejenga ofisi ya serikali huku bara anafikiria risasi kabla ya kufikiria upepo. Huambiwa jengo lililo wazi ni jengo la hatari, kwa hiyo lifungwe. Lakini nyumba ya kale ya Lamu imefungwa kuliko ofisi yoyote ya vioo! Kwa nje ni ukuta mtupu. Mlango mmoja, daka la kupokelea mgeni, na dirisha la chini ni nadra. Uwazi wote uko ndani, kwenye kiwanda, yaani ule ua usioezekwa, na misana, yaani kumbi ndefu zinazouelekea. Mwanga na hewa huingia kutoka juu na kutoka uani. Nioneshe afisa wa usalama anayeona kioo cha mita tatu kinachotazama barabara ni salama kuliko huo ukuta. Ngome ya Lamu yenyewe, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, ina umbo hilo hilo, kuta pande nne na uwazi katikati. Ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984, na baadaye ikawa na maktaba na mahali pa mikutano ya watu. Ni jengo la umma la miaka mia mbili, na bado linakalika.

Hoja kwamba kompyuta na vifaa vinataka ubaridi naipita haraka. Chumba cha seva, chumba cha upasuaji, stoo ya dawa na chanjo, vyote vipewe viyoyozi, vizibwe vizuri, viwe vidogo na viwekwe upande usiopigwa na jua. Kwa sababu ya vyumba vinne vya namna hiyo, vingine arobaini havilazimiki kufungwa.

Hoja kwamba ujenzi wa kale humaliza mikoko na matumbawe ni nzito zaidi, nami nakubali sehemu yake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na haikuota ili kuezekea ofisi za bandari. Mwaka 2018 serikali ilipositisha ukataji wa miti nchini, wakataji wa boriti wa huku waliumia, lakini walichojifunza wengi ni kwamba msitu una mwisho. Tumbawe hai la baharini lisiguswe tena. Na chokaa ya kienyeji, inayochomwa kwa kupanga magogo na mawe juu yake, hula kuni nyingi mno. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotetea boksi la vioo. Jiwe la nchi kavu linachimbwa Manda, kwenye matimbo ya Maweni, likakatwa likavushwa kwa mashua. Chokaa ya viwandani inatengenezwa nchini, Koru kwa mfano. Badala ya boriti kuna mvinje, unaooteshwa na wakulima wa Kilifi na Malindi mashambani mwao. Mhimili wa zege lenye nondo, ukizungushwa juu ya kuta za mawe, huzifunga zisipasuke, na huruhusu vyumba vipana kuliko vile vya kale vilivyobanwa na urefu wa boriti, mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Sina ugomvi na zege mahali pake. Ugomvi wangu ni pale linapopakwa kila mahali: lipu ya saruji juu ya jiwe la matumbawe huzuia ukuta kupumua, unyevu na chumvi hukwama ndani, na baada ya miaka kadhaa lipu hubanduka vipande vipande. Lipu ya chokaa huupokea unyevu na kuuachia. Mafundi wazee wa Lamu wanalijua hilo, na vijana wa makandarasi hawalijui kwa sababu hakuna aliyewafundisha.

Mara nyingi nikifika hapa hutajiwa jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar. Tazama, huambiwa, mawe na boriti zenu ziliporomoka. Ni kweli, sehemu ya jumba lile ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Lakini tulisimulie lote. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, akachanganya mawe ya kwao na nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, akalizungushia baraza pana ghorofa baada ya ghorofa ili jua lisizifikie kuta. Mizinga ya Waingereza ililipiga eneo lile tarehe 27 Agosti 1896, jumba likabaki. Lilikuwa na umri wa miaka 137 lilipoanguka sehemu, baada ya kuvuja na kungojea matengenezo kwa muda mrefu. Nitajie ofisi ya vioo na alumini iliyo ufukweni unayoamini itasimama hata nusu ya miaka hiyo bila kutengenezwa.

Anayetaka mfano wa karne yetu hutajiwa jengo la Umoja wa Mataifa kule Gigiri, lililofunguliwa mwaka 2011, lenye paneli za sola za kilowati 515 na linalopitisha hewa bila viyoyozi vya kawaida. Zuri, lakini Nairobi ni baridi; siutegemei mfano huo. Nautegemea wa Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu kama wetu. Soko la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania, likajengwa miaka ya mwanzo ya 1970. Ni zege tupu, hakuna kuti wala nakshi. Lakini paa lake ni miavuli iliyopinduliwa juu chini: hutia kivuli, huacha hewa ya moto itoke, na hukusanya mvua ikateremka kwenye matangi. Maelfu ya watu waliuza na kununua chini yake kila siku bila kiyoyozi, mpaka moto wa Julai 2021. Amuli hakuiga soko la mababu, na wala hakuwasaliti. Alitazama watu wa pwani wanavyotafuta kivuli na upepo, akalijengea zege kazi hiyo hiyo.

Basi kama ni rahisi kiasi hiki, kwa nini boksi linazidi kushinda? Jibu liko kwenye mifuko miwili. Pesa za kujenga hutoka fungu la maendeleo, na pesa za bili ya umeme na kutengeneza viyoyozi hutoka fungu la matumizi ya kawaida. Anayepitisha ramani hasikii uchungu wa bili, na anayelipa bili hakuulizwa ramani ilipochorwa. Zabuni hushinda aliyetaja bei ndogo ya kujenga, wala hakuna anayemwuliza jengo litakula kiasi gani kwa miaka 30. Viyoyozi navyo ni kandarasi ya pekee, na matengenezo yake ni kandarasi nyingine ya kila mwaka. Dirisha linalopitisha upepo halina kandarasi. Juu ya hayo kuna hadhi: mkubwa asiyekuwa na kiyoyozi ofisini anaonekana hajafika. Huku ng'ambo ya pili, hoteli za Shela zinawatoza wageni dola kwa chumba kisicho na kioo, chenye kuta za chokaa, feni na upepo wa bahari. Mgeni analipia kile ambacho karani wetu anaambiwa ni dhiki.

Nitakubali jambo moja la mwisho kwa wapinzani wangu, kwa sababu ni la haki. Upepo hauvumi kila siku. Kuna tanga mbili, zile wiki za katikati ya kaskazi na kusi, bahari imetulia, jani halitikisiki, na Machi inapokwisha joto linabana kweli. Siku hizo jengo la mababu peke yake halitoshi. Ndipo ninapotaka feni darini, sola juu ya bati lililoinuliwa, na betri ya kuziendesha umeme wa Rabai ukipotea. Wati 60 kwa kila feni, feni 30 kwa ofisi ya kadiri: hazifiki hata kilowati mbili. Paneli chache zinatosha.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Lamu, Halmashauri ya Bandari na kila wizara inayotaka kiwanja Kililana: kabla ya kutia sahihi ramani nyingine yoyote, mwulizeni mchoraji swali moja na mumtake alijibu kwa maandishi. Saa nane mchana, mwisho wa Machi, umeme umekatika: je, watu wataweza kukaa ndani na kufanya kazi? Akishindwa kujibu, mrudishieni ramani yake akaichore upya, na asilipwe mpaka ajibu.